Kikohozi cha msimu wa salfa: je, utafiti wangu ni wa aina gani?

Tabibu_Tandahimba:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote.

Mimi ni tabibu katika zahanati moja wilayani Tandahimba, na kwa sasa niko mwaka wa mwisho wa masomo ya shahada ambayo nayafanya huku nikiendelea na kazi. Kila mwaka, tangu mikorosho inapoanza kutoa maua mwezi Juni hadi kuelekea Septemba, tunapokea watu wengi wanaolalamika kukohoa, kubanwa kifua na kuwashwa macho, na wengi wao wametoka kupulizia salfa ya unga ili kukinga maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Niliona hapa pana jambo la kutafiti. Nikaandika kurasa 3, nikampelekea msimamizi wangu, naye akazirudisha zikiwa na swali moja tu la kalamu nyekundu: "Huu ni utafiti wa aina gani?"

Nimepitia vitabu na kila kimoja kinagawanya kivyake. Kimoja kinatenga utafiti wa maabara, wa kitabibu na wa jamii. Kingine kinatenga wa takwimu na wa maelezo. Cha tatu kinatenga wa kuchunguza na wa afua, yaani ule ambao mtafiti mwenyewe anaingiza dawa au hatua fulani. Mpango wangu ulikuwa kuandaa dodoso, kuwauliza watu 384 kama wanapulizia salfa na kama wanakohoa, kisha kulinganisha majibu. Mwenzangu mmoja ananishauri nifanye jaribio kamili, kwa sababu anasema ndilo lenye hadhi kuliko mengine, na mwingine anataka nipime damu ili kazi ionekane ya kisayansi. Naomba mnisaidie: ninachaguaje, na msimamizi anataka nimjibu nini?

Mstaafu_wa_Maabara (Masasi):

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako hajakuonea. Nilikaa nyuma ya darubini miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitakujibu kwa kisa cha hapahapa kwetu, kwa kuwa sijaona kitabu kinachotofautisha aina za utafiti vizuri kuliko ule mlipuko wa homa uliotokea katika uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953.

Ulikuwa ugonjwa wa homa ya ghafla, vipele na maumivu makali ya viungo yaliyomfanya mtu ashindwe kusimama wima. Wenyeji waliuita chikungunya, kwa neno la Kimakonde linalotaja kujikunja, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo duniani kote. Kwa macho ulifanana mno na dengi. Kazi ya kuuelewa ilifanywa kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Daktari Marion Robinson alieleza wagonjwa: homa inaanzaje, viungo gani vinauma, maumivu yanadumu muda gani baada ya homa kuondoka. Hapakuwa na kulinganisha kundi na kundi wala kuingiza dawa mpya, bali jicho la daktari na daftari lake. Huo ni utafiti wa kueleza wagonjwa, na watu huudharau kwa sababu hauna hesabu kubwa, ilhali bila huo hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, aliuliza swali jingine: ni nani anayeugua, wapi, lini, na kwa nini nyumba hii na siyo ile? Hapo ndipo maji yalipoingia katika habari. Ninyi mliokulia juu ya uwanda mnajua shida ya maji ilivyokuwa. Yalitekwa mbali na kuhifadhiwa majumbani kwa siku nyingi, na mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana vizuri katika vyombo vya namna hiyo. Huo ni utafiti wa epidemiolojia, na mada yake ni jamii nzima badala ya mgonjwa mmoja aliyelala kitandani. Wa tatu, R. W. Ross, alichukua damu ya wagonjwa pamoja na mbu, akaviingiza katika panya wachanga wa maabara, na hatimaye akakipata kirusi chenyewe. Makala za wawili wa kwanza zilichapishwa mwaka 1955, na ya Ross mwaka 1956.

Tazama basi: ugonjwa ni mmoja, wilaya ni moja, lakini maswali ni matatu. Ross asingeweza kukwambia kwa panya wake kwa nini Newala iliugua zaidi ya kwingine, na Lumsden asingeweza kukionyesha kirusi kwa kuhesabu mitungi. Anayekushauri upime damu mwulize: utapima nini ndani ya hiyo damu, na jibu lake litajibu swali lipi? Akikosa la kusema, sindano hiyo ni ya kumwumiza mtu bure.

Kuna kisa cha pili, nacho kinahusu mipaka. Mwaka 1988 watu wa wilaya ya Masasi walipata sumu kutokana na unga wa muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka, ule wa chinyanya, ambao mizizi mibichi hupondwa na kuanikwa kwa muda mfupi bila kuvundikwa wala kukaushwa inavyostahili. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo huzaa sumu ya sianidi, na mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thayosianeti inayotoka kwa mkojo. Mtu akiila sianidi kwa wiki nyingi huku lishe yake ikiwa na upungufu wa protini, anaweza kupata konzo, yaani kupooza miguu kwa ghafla na kwa kudumu. Sasa, hakuna mtafiti mwenye akili timamu atakayewagawa wanakijiji makundi mawili na kuwalisha kundi moja unga wa sumu ili aone nani atapooza. Kwa hiyo watafiti wa konzo hulinganisha wagonjwa na wasiougua, huuliza muhogo uliandaliwaje, hupima mkojo, na hupima unga kwa karatasi ya pikrati ambayo hubadilika kutoka manjano kuelekea kahawia kadiri sianidi inavyozidi. Jaribio huja baadaye na kwa upande wa kukinga tu, kwa mfano ile njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia ya kulowesha unga na kuutandaza tabaka jembamba, kwa muda wa saa 2 juani au wa saa 5 kivulini, ili sianidi ipeperuke.

Vivyo hivyo kwako. Huwezi kumpangia mtu avute vumbi la salfa. Unaweza kumpangia barakoa, lakini hilo tayari ni swali jingine kabisa.

Mtakwimu_Lindi:

Dada Tabibu, nimesoma maelezo ya Mzee na sina cha kupunguza. Nina wasiwasi na mpango wako wa dodoso, na nitausema waziwazi.

Kwanza hiyo 384. Imekuwa kama dua vyuoni. Kila mwanafunzi anaiandika bila kujua ilikotoka. Namba hiyo hupatikana pale mtu anapotaka kujua kiwango cha jambo katika jamii, akikadiria kwamba ni nusu ya watu, na akikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Inajibu swali la "ni watu wangapi wanakohoa?" Wewe unauliza kama wanaopulizia wanakohoa kuliko wasiopulizia, na hilo lina hesabu yake. Tuseme unatarajia asilimia 20 ya wasiopulizia wanakohoa na asilimia 30 ya wanaopulizia. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo, utahitaji takribani watu 290 katika kila kundi. Ukitarajia tofauti kubwa zaidi, idadi inashuka haraka.

Pili, na hili ndilo zito, utafiti wa kuwauliza watu wote kwa wakati mmoja unaweza kukupa jibu lililogeuka kichwa chini. Jiulize ni nani anayebeba mashine ya kupulizia kijijini kwenu. Mwenye pumu aliiacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita na sasa anamlipa kibarua kijana mwenye mapafu mazima. Ukienda na dodoso mwezi Agosti utamkuta mwenye pumu katika kundi la "wasiopulizia" akikohoa, na kijana mpuliziaji akicheka. Utaandika kwamba salfa haina neno, na pengine hata kwamba inaponya kifua! Utafiti wa namna hii unapiga picha moja ya siku moja. Hauonyeshi kipi kilitangulia.

Rejesta nazo zina kasoro yake. Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje pale zahanati, kitakuonyesha kama wagonjwa wa njia ya hewa wanaongezeka kati ya Juni na Septemba, na ningeanzia hapo kwa sababu hakina gharama na kinaweza kukupa miaka kadhaa nyuma. Lakini hakiandiki mgonjwa anafanya kazi gani, na miezi hiyo ndiyo ya baridi, mafua yakiwa mengi, kwa hiyo ongezeko peke yake halimshtaki mtu. Usisahau pia moshi wa kuni jikoni na sigara, ambavyo vyenyewe vinakohoza na vinaweza kuchanganyika na salfa katika hesabu zako ikiwa hutaviuliza tangu mwanzo.

Ningekushauri utafiti wa kufuatilia kundi. Waandikishe watu mwezi Mei kabla mashine hazijawashwa, watakaopulizia na wasiopulizia, upime pumzi za kila mmoja. Urudi Julai au Agosti. Urudi tena Novemba salfa ikiwa imekwisha. Hapo kila mtu anakuwa kipimo cha nafsi yake, na mwenye pumu ya zamani hawezi kukuharibia kwa sababu unatazama mabadiliko yake mwenyewe. Gharama yake ni kwamba utapoteza baadhi ya watu njiani, kwa hiyo andikisha zaidi ya hesabu.

Kuhusu jaribio, mwenzako hajakosea kwamba lina nguvu kubwa katika kuthibitisha kisababishi. Bahati nasibu inagawa makundi bila mkono wa mtafiti, kwa hiyo hata yale tusiyoyajua yanagawanyika karibu sawa. Lakini lina masharti yake. Mikoa yetu imeona majaribio makubwa. Ile tiba kinga ya malaria kwa watoto wachanga, ambapo dawa ya malaria iitwayo SP ilitolewa wakati wa chanjo za kawaida, ilipimwa katika wilaya 5 za Lindi na Mtwara kwa kugawa tarafa 24, 12 zikaanza na 12 zikabaki za kulinganisha. Hawakugawa mtoto mmoja mmoja, kwa sababu muuguzi hawezi kumpa huyu na kumnyima anayefuata kwenye benchi lilelile. Jingine lilikuwa la wajitoleaji kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Baadhi ya desturi za kumtunza mtoto mchanga ziliboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua. Nalitaja kwa makusudi: hata jaribio lililopangwa vizuri linaweza kuja na jibu la "hapana", na "hapana" hiyo ni matokeo halali yanayopaswa kuchapishwa. Kazi za ukubwa huo zilihitaji miaka na watu wengi. Wewe una mwaka mmoja na pikipiki.

Mkulima_wa_Newala:

Salaam kwenu nyote. Mimi si mtafiti, ni mwenye mikorosho, lakini kwa kuwa sisi ndio mnaotaka kutupima, naomba nami nisikilizwe.

Dada yangu, jambo la kwanza ni kwamba salfa hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, ili unga ushike. Ukija na dodoso lako saa 4 asubuhi utawakuta watu wameshaoga na kukaa barazani. Jambo la pili, si kila anayepulizia anatumia unga. Wapo wanaotumia dawa ya maji, na wapo wanaotumia vyote viwili katika msimu mmoja. Ukiandika "anapulizia: ndiyo au hapana" utakuwa umechanganya mbuzi na kondoo. La tatu, ukiuliza kama mtu anajifunga kitambaa usoni, wote watajibu ndiyo, kwa sababu wanajua wewe ni mtu wa zahanati na hawataki kusemwa. Njoo uone kwa macho. Na la nne, unga hauishi shambani. Shamba langu linapakana na nyumba, na asubuhi za Julai unga unatua mpaka kwenye ndoo za maji. Kwa hiyo mke wangu ambaye hajawahi kushika mashine utamwandika kundi gani?

Halafu kuna hili la damu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watafiti kijijini kwetu, wakawatoboa watoto vidole, wakatusainisha karatasi ambazo wengi hatukuzielewa, wakaondoka. Mpaka leo hatujui walikuta nini. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba ukija wewe, tutakuuliza kwanza majibu ya wale yako wapi.

Mstaafu_wa_Maabara (Masasi):

Ndugu Mkulima, nakushukuru, na yaliyowapata hayana utetezi. Nimetazama upya nilichoandika nikaona nilisahau aina moja kabisa, nayo ndiyo umeifanya wewe hapa bila kuiita jina. Kukaa na watu, kuwasikiliza wakieleza kazi yao wenyewe, kuandamana nao shambani na kuandika unachokiona badala ya unachoambiwa, huo ni utafiti wa maelezo. Sisi wa maabara tulikuwa tukiucheka. Lakini hayo mambo manne hayapatikani kwa darubini, na dodoso lililotungwa bila kuyajua lingekusanya uongo wa watu 580 badala ya watu 384.

Mwanangu Tabibu, fanya hivyo kwanza. Mazungumzo na wapuliziaji 10 au 15, wenye mashamba na vibarua, wanaume na wanawake, mpaka uone hakuna jipya linalokuja. Kisha ndipo utunge dodoso.

Na kuhusu ridhaa: maelezo yawe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti, na pale penye wazee wasiokielewa vizuri yafafanuliwe kwa Kimakonde. Mtu ajue anaweza kukataa au kujitoa katikati bila kunyimwa huduma pale zahanati. Kwako hili ni gumu kuliko kwa mgeni, kwa sababu wewe ndiye unayewatibu, na mgonjwa anaweza kuona kukukatalia ni utovu wa adabu. Ikiwezekana ridhaa iombwe na mtu mwingine. Kibali cha maadili utakipitishia chuoni kwako, na ukiambiwa uende ngazi ya taifa, ni kwa kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ungekuwa unajaribu dawa, ungehitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kisha ushuke na barua zako kwa mkoa, halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Usianze kabla.

Mtakwimu_Lindi:

Naongeza kuhusu mke wa Ndugu Mkulima, kwa sababu swali lake limenikosesha usingizi. Usimweke katika kundi la "wasiopulizia" kana kwamba havuti unga. Gawa makundi matatu: wanaobeba mashine, wanaoishi kando ya mashamba yanayopuliziwa, na wanaoishi mbali. Nilifikiria kundi la mbali litoke pwani, Mikindani au Msimbati, lakini wapo wanaokausha samaki kwa moshi wa kuni na vifua vyao vina habari nyingine. Afadhali kijiji cha ndani kilekile, kwenye kaya zisizopakana na mikorosho, hata kama ni chache. Na uandike kwa kila mtu amepulizia asubuhi ngapi na kwa unga au kwa maji, maana ikiwa madhara yanaongezeka kadiri asubuhi zinavyoongezeka, hoja yako itasimama imara zaidi kuliko kwa kulinganisha makundi peke yake.

Tabibu_Tandahimba:

Wazee wangu na ndugu zangu, nashukuru mno. Ndugu Mkulima, nakuahidi kwamba matokeo nitayasoma kwenye mkutano wa kijiji kabla sijayafunga kwenye jalada la chuo, na nimeliandika hilo ndani ya pendekezo lenyewe ili nisipate pa kukimbilia.

Nimemjibu msimamizi hivi. Swali langu ni kama pumzi za wanaopulizia salfa ya unga hupungua ndani ya msimu na kama zinarudi baada ya msimu. Kwa sababu swali linahusu mabadiliko, ni utafiti wa kufuatilia kundi, wa kuchunguza, usio na afua. Utatanguliwa na mazungumzo ya kina na wapuliziaji pamoja na mapitio ya rejesta ya miaka 5. Hakuna damu. Barakoa nimeziacha kwa atakayekuja baada yangu, ingawa sitamwona mtu akipulizia uso wazi nikanyamaza. Hilo ni jukumu langu la utabibu, na nitaliandika katika ripoti ili wasomaji wajue kwamba huenda nimebadilisha tabia za niliokuwa nawapima. Amejibu kwa neno moja, "Endelea", na kwa mtu yule hiyo ni sifa kubwa.

Limebaki moja la vitendo. Nimepata vile vifaa vidogo vya mkono vya kupimia kasi ya pumzi, vile mtu anavyovipuliza kwa nguvu na mshale unapanda. Nilipojijaribu mwenyewe nilipata namba tofauti kila mara. Niandike ipi?

Mstaafu_wa_Maabara (Masasi):

Asimame wima, avute pumzi hadi mwisho, abane midomo vizuri, apulize mara moja kwa ghafla kama anayezima mshumaa wa mbali. Mara tatu, na uandike iliyo kubwa kuliko zote, siyo wastani. Mpime kila mtu kwa kifaa kilekile Mei, Julai na Novemba, kwa saa ileile ya siku, kwa sababu pumzi ya alfajiri huwa ndogo kuliko ya jioni hata kwa mtu mzima wa afya. Na kila kifaa kibandike namba kabla hujatoka zahanati.